Anayebaki na Mtoto: Kituo, Nyumba ya Bibi na Malezi ya Bagamoyo

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka bahari kutoka Zanzibar wakafungua misheni Bagamoyo. Mgeni anayefika pale leo huangalia makumbusho, mnara wa kanisa la zamani, makaburi na njia ya miembe. Kazi kubwa ya misheni ile katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa kulea watoto. Wengi walikuwa wamekombolewa utumwani: wengine walinunuliwa sokoni, wengine walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wavulana walikaa upande wa mapadri, wasichana upande wa masista. Siku yao ilikwenda kwa ratiba moja, shambani, darasani na kwenye sala. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo kilichojengwa jirani.

Mpango ule ulikuwa na sababu. Mtoto aliyetekwa kandokando ya Ziwa Nyasa akiwa na miaka mitano, akatembezwa kwa miezi hadi pwani, hakuwa na wa kurudishiwa. Misheni ikawa ndiyo mama, ndiyo baba, ndiyo ukoo. Mtoto anayepelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto Bagamoyo leo hali yake ni nyingine. Mara nyingi ana bibi huko Fukayosi, ana mjomba Mlingotini, au mama yake yu hai ila amelemewa na ugonjwa, ulevi wa mume au njaa. Hata duniani kwa jumla ndivyo ilivyo: shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba kati ya kila watoto watano wanaoishi kwenye vituo, angalau wanne wana mzazi mmoja aliye hai. Tumerithi bweni na ratiba yake, na ile sababu iliyovileta ilishaondoka zamani.

Ninachotaka kusema katika makala haya ni kimoja. Mtoto aliye nje ya mikono ya wazazi wake anajengwa au anabomoka kutegemea kama yupo mtu mzima mmoja anayemjua vizuri, anayemwitikia, na anayebaki. Mtu huyo anaweza kuwa mlezi wa kituoni, bibi, shangazi au jirani asiye na undugu naye. Fedha zetu, sheria zetu na sadaka zetu zingemfuata mtu huyo, tungekuwa tumefika mbali. Kwa sasa zinafuata majengo.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili ulitoka Romania. Utawala wa dikteta wake, Nicolae Ceaușescu, ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona watoto zaidi ya 100,000 wakiishi katika makao ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walichukua watoto wadogo 136 kutoka makao ya Bucharest wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakaenda kwa familia za malezi ya kambo, yaani familia zinazompokea mtoto asiye wao na kumlea nyumbani, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Kundi la tatu lilikuwa watoto wa mji uleule wanaolelewa na wazazi wao. Walipofika miaka minne na nusu wakapimwa akili. Kundi lililoachwa kwenye makao lilipata wastani wa alama 73, lililopelekwa kwa familia 81, na watoto waliokulia kwao walipata 109. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walifaidika kuliko waliochelewa.

Watoto wale walikuwa wakilishwa na kubadilishwa nguo. Walichokosa ni mtu. Mlezi mmoja aliangalia watoto zaidi ya kumi, zamu ikiisha anaingia mwingine, na mtoto aliyelia usiku hakujua nani angekuja, wala kama angekuja. Akili ya mtoto mchanga hukua kwa kujibiwa. Analia, anabebwa, anatoa sauti isiyo na maana, mtu anaigeuza kuwa neno, anaonyesha kidole, mtu anatazama. Hili hutokea maelfu ya mara kabla hajajua kusema "nipe". Mtoto asiyejibiwa hatimaye huacha kuita, na wageni humsifu kwamba ni mtulivu.

Afrika Mashariki ilitoa mchango wake katika elimu hii mapema. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala na kuwatazama akina mama na watoto wao wachanga. Aliona kwamba utulivu wa mtoto ulifuatana na jinsi mama alivyosoma ishara zake na kuziitikia. Mengi yanayofundishwa leo vyuoni kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi yalianzia kwenye nyumba zile za Waganda, nyumba ambazo hazikuwa na chumba cha mtoto wala midoli ya dukani.

Ningeweza kuishia hapo na kudai kwamba vituo vyote vifungwe. Lakini upo utafiti mwingine, na huu ulihusisha watoto wetu wenyewe. Timu ya Chuo Kikuu cha Duke ilichapisha mwaka 2009 matokeo ya watoto karibu 3,000 wa miaka 6 hadi 12, yatima au waliotelekezwa, katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Karibu nusu waliishi kwenye vituo, waliobaki waliishi na ndugu au familia katika jamii. Kwa afya, hisia na uwezo wa kujifunza, watoto wa vituoni hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa majumbani. Tofauti kati ya kituo na kituo, na kati ya nyumba na nyumba, zilikuwa na uzito kuliko jina la mahali mtoto alipolala.

Wapo wanaotetea kufungwa kwa vituo ambao huukwepa utafiti huo, na wapo wenye vituo wanaoupeperusha kana kwamba umewasafisha. Pande zote mbili zinausoma vibaya. Watoto wa Bucharest walikuwa wachanga, umri ambao kukosa mtu mmoja wa kudumu huacha alama kubwa. Watoto wa utafiti wa pili walikuwa wameshavuka miaka ile, na wengi walikuwa wameishi kwanza na mama au bibi kabla ya msiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walionyesha hilo kwa watoto wa Tanzania katika kazi waliyochapisha mwaka 2014: walioingizwa kituoni kati ya kuzaliwa na miaka minne walikuwa wamepata mateso zaidi ndani ya kituo, na dalili zaidi za maumivu ya nafsi, kuliko walioingia wakiwa wakubwa. Kwa mtoto mchanga, kituo ni hatari hata kikiwa kisafi. Kwa mtoto wa miaka kumi aliyetoka kwenye nyumba ya vipigo, kituo chenye mlezi mzuri kinaweza kuwa mahali pa kwanza alipolala bila kuogopa mlango ukifunguliwa.

Na nyumba za vipigo zipo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili. Sehemu kubwa ya hayo hutokea kwa watu wanaojuana na mtoto, katika nyumba zenye baraza, mkeka na watu wanaopita wakisema hodi. Kwa hiyo mtu anayeniambia "mtoto arudi kwenye familia" namuuliza: familia ipi, nani ndani ya hiyo familia, na nani atapita kuangalia?

Mfikirie binti wa miaka 11 aliyeletwa mjini kwa ndugu baada ya mama yake kufariki. Nyumba nzima inaamka saa kumi na mbili, yeye anaamka saa kumi. Anachota maji, anafagia uwanja, anasaidia kusukuma na kuchoma maandazi ya biashara, anayapanga kwenye ndoo, ndipo avae sare. Watoto wa nyumba wanakula sahani moja na mama yao. Yeye anakula jikoni, mwishoni, akishaosha vyombo. Kitu kikipotea anaulizwa yeye kwanza. Akikosea anatajiwa marehemu mama yake: "Umechukua tabia zilezile." Viatu vyake ni vile vilivyomkaza mwenye nyumba. Mwenyeji wake hajioni mkatili. Anajiona amebeba mzigo ambao ndugu wengine waliukwepa pale kwenye kikao cha siku ya arobaini, na katika hilo hakosei.

Binti huyo hayumo katika orodha ya kituo chochote. Kwa macho ya mtaa yuko salama, yuko kwa ndugu zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwa kazi za kinyonyaji, lakini hakuna jirani anayeona kwamba kuchoma maandazi nyumbani kwa mamdogo ni jambo la sheria. Kinachomuumiza zaidi ya kazi ni kupimwa. Kila tonge linahesabiwa, kila daftari linatajwa bei yake. Mtoto wa namna hii hujifunza kujificha: haombi, hasemi anaumwa, hasemi mwalimu ameomba hela ya mtihani. Akifika miaka 15 na mwanamume akamwambia maneno mawili mazuri, atamfuata, na mtaa utasema ameharibika.

Hii ndiyo sehemu kubwa ya malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto nje ya mikono ya wazazi wake, nchini mwetu, na ndiyo inayoangaliwa kidogo kuliko zote. Watu wa Pwani tumezoea mtoto kukulia kwa mwingine. Wazaramo na Wakwere walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akawa na sauti kwa watoto wa dada yake. Watoto walipelekwa kwa bibi wakishaacha ziwa, walipelekwa kwa shangazi wajifunze kazi, walipelekwa kwa mwalimu wa chuo wasome Kurani. Utaratibu huo ulikuwa na ulinzi wake: wazee walioweza kuuliza, safari za kwenda na kurudi, na aibu ya kusemwa na ukoo. Mji umetupanga upya. Mjomba yuko Mbagala kwenye chumba kimoja cha kupanga, anauza mitumba, naye ana watoto wanne. Mzee wa kuuliza ameshazikwa. Mtoto bado anapelekwa, lakini ile minyororo ya watu iliyomzunguka imekatika.

Bibi ndiye aliyebaki. Zunguka hapa Bagamoyo, Magomeni, Nianjema, Kaole, utamkuta: mwanamke wa miaka 65 mwenye wajukuu watatu wa mabinti wawili tofauti. Anasuka ukili, anauza mihogo, anasubiri mtoto wake aliyeko Dar amtumie elfu kumi kwenye simu. Hana meza ya kusomea na taa anaizima mapema kubana umeme. Lakini anajua mjukuu yupi anakojoa kitandani akigombezwa, yupi anaficha chakula, yupi alikuwa kipenzi cha baba yake. Anamjua mtoto kwa mgongo, gizani. Hicho ndicho watafiti wa Bucharest walichokuwa wakikitafuta walipoajiri familia za kambo, wakazilipa kila mwezi na kuwatuma maofisa wa ustawi kuzitembelea. Familia zile zililipwa na zilitembelewa. Sisi bibi tunamsifu kwa upendo wake kisha tunamwacha na sufuria tupu.

Afrika Kusini, nchi inayowalipa wazee pensheni ya serikali, mwanauchumi Esther Duflo alichunguza fedha hizo zinaishia wapi. Matokeo yake ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba bibi anapopokea pensheni, wajukuu wa kike wanaoishi naye wanakuwa na uzito bora kwa urefu wao. Babu akipokea, mabadiliko kama hayo hayakuonekana. Hapa ng'ambo ya maji, Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, bila kuuliza kama alikuwa mfanyakazi. Bara tuna mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ambao umezisaidia kaya nyingi, na bibi mwenye wajukuu anaweza kuingia akikidhi vigezo vya umaskini. Lakini kumlea mtoto wa marehemu peke yake hakumpi stahili yoyote. Naamini kunapaswa kumpa.

Sasa tuangalie fedha zinakokwenda. Bagamoyo ina bahari, historia na njia ya lami hadi Dar es Salaam, kwa hiyo inavutia vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani ambao hukaa wiki chache kwenye kituo, wanafundisha Kiingereza, wanacheza na watoto, wanaondoka wakilia. Nia yao naiheshimu. Athari yake kwa mtoto ni kitu kingine. Mtoto anayekimbilia kumkumbatia mgeni asiyemjua, anayeng'ang'ania shingo ya mtu aliyeshuka kwenye gari dakika tano zilizopita, huonekana mwenye upendo. Wataalamu wa malezi wanaitambua tabia hiyo kuwa dalili: mtoto aliyelelewa na mtu wake kwanza hujificha nyuma ya khanga ya mama, anachungulia, anapima. Anayemkumbatia kila mtu hana mtu. Kila mgeni anayekuja na kuondoka anamthibitishia mtoto kwamba watu wazima ni wa kupita. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, lilitaka nchi zichukue hatua kuhusu madhara ya safari za kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Sisi wenyewe hatuko mbali na hilo. Kila Ramadhani na kila Idi, kila Krismasi pia, makampuni na vikundi hupanga foleni kwenye vituo na mchele, mafuta na sabuni, watoto wanapangwa mstari, picha inapigwa. Aya inayotukataza kumuonea yatima tunaisikia misikitini tangu utotoni. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa yatima, na malezi yake yanajulikana na kila mtoto wa madrasa: alinyonyeshwa na Halima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Wote walikuwa watu wenye majina, nyumba na uhusiano naye uliodumu. Abu Talib aliendelea kumkinga hadi mauti yake. Yatima aliye kwa bibi yake huko Makurunge anastahili sadaka ileile, na kumfikia kunataka tu tumuulize imamu, padri au mwenyekiti wa kitongoji nani analea nani.

Sheria haijatukosesha. Sheria ya Mtoto imeweka malezi ya kambo na kuasili, imempa afisa ustawi wa jamii kazi ya kuchunguza na kufuatilia, na imetaka makao ya watoto yawe na leseni. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2009, inasema watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika familia. Serikali yetu pia imekuwa ikihimiza familia za kuaminika ambazo zinaweza kumpokea mtoto kwa dharura wakati shauri lake linashughulikiwa, badala ya kumlaza kituo cha polisi au hospitali. Kinachokosekana ni miguu. Afisa ustawi akiwa na kata nyingi na pikipiki isiyo na mafuta, kumtembelea mtoto kunageuka kuwa kupiga simu, na simu inapokelewa na mlezi yuleyule anayetakiwa kuchunguzwa.

Rwanda iliamua mwaka 2012 kuwatoa watoto kwenye vituo, ikiwa na watoto zaidi ya 3,000 humo. Haikuishia kutangaza. Iliweka katika kila kijiji watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa marafiki wa familia, kazi yao kuzijua nyumba zenye watoto walio hatarini na kupeleka taarifa. Kenya nayo imejipangia miaka kumi, 2022 hadi 2032, kuhama kutoka malezi ya vituo. Tukifuata njia hiyo bila watu wa kupita majumbani, tutamtoa mtoto bwenini tumpeleke kuchoma maandazi saa kumi alfajiri.

Nina wasiwasi pia na vile vituo vitakavyobaki, kwa sababu vitabaki. Mazingira ya ndani yanaweza kubadilishwa bila kungoja mfadhili wa jengo. Mlezi mmoja apewe watoto wachache walewale, na asihamishwe hovyo kati ya chumba na chumba. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kwa sababu bweni la wasichana liko kule na la wavulana huku. Mtoto awe na kitu kinachofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe, hata kama ni sanduku la bati. Apike. Atumwe sokoni na shilingi elfu tano arudi na chenji, apunjwe mara moja ajifunze. Aende msibani kwa ndugu zake, hata kama hawajawahi kuja kumtembelea. Fimbo iondoke, kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko shuleni, lakini mtoto ambaye ameshapigwa na watu waliotakiwa kumlinda hafundishwi chochote na kipigo cha mtu mwingine. Na walezi wenyewe walipwe vizuri. Mama mlezi anayelipwa kidogo ataondoka akipata kazi kiwandani, na siku atakayoondoka kuna watoto watano watakaopoteza mama kwa mara ya pili.

Kijana anapofika miaka 18 ndipo upungufu wote wa nyuma unapojitokeza kwa wakati mmoja. Kituo kinamwambia amekuwa mtu mzima. Mtoto wa mtu hata akiwa na miaka 25 anarudi nyumbani kazi ikiisha, anakula, anasemwa, analala. Uingereza iliona tatizo hili hata katika mfumo wake wenye fedha, na mwaka 2014 sheria ikaruhusu kijana aliye kwa familia ya kambo abaki nayo hadi miaka 21. Hapa kwetu, kijana aliyetoka kituoni anakutana na fomu ya kitambulisho cha taifa inayouliza majina ya wazazi na walikozaliwa. Anakwenda serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, mwenyekiti anamuuliza, "Wewe ni wa nani hapa?" Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo huenda kwa vikundi, na kikundi hujengwa na watu wanaojuana. Yeye anajuana na wenzake wa bwenini, waliotawanyika Kibaha, Chalinze na Dar.

Yapo mambo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote. Binti akichumbiwa, posa inapelekwa kwa nani? Kwa Waislamu, nani anasimama kama walii? Sheria ya dini ina jibu, kadhi husimama kwa asiye na walii, lakini binti aliyekaa ndani na khanga yake mpya siku ya kuposwa anataka mjomba aje abishane mahari, apige kelele kidogo, aseme huyu ni wetu. Akijifungua, nani anakuja kumkanda na kumfundisha kumwogesha mtoto? Kijana wa kiume akifiwa na mke, nani anapokea watu barazani? Ukimtazama hivyo, gharama ya kumkatisha mtoto na ndugu zake kwa miaka kumi na mitano, ili ale wali na nyama kila Jumapili, inakuwa kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ripoti ya kituo. Kwa hiyo hata mtoto ambaye haiwezekani aishi na ndugu zake, awajue. Apelekwe likizo kwa siku mbili, kwa uangalizi. Majina ya babu zake yaandikwe kwenye jalada lake, na jina la kijiji, na jina la mtu mmoja wa ukoo anayepokea simu.

Baraza la madiwani la Bagamoyo linaweza kuanza na jambo dogo kabla ya bajeti ijayo. Kila mwenyekiti wa mtaa na kitongoji aandike watoto wanaoishi bila baba na mama, yuko kwa nani, ni nani yake, anasoma wapi. Hahitaji mtaalamu, nyumba hizo anazijua. Orodha iende kwa afisa ustawi wa kata, na afisa apewe mafuta ya kuzipitia kila robo mwaka, azungumze na mtoto peke yake, si mbele ya mwenyeji. Namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, ibandikwe kwenye milango ya madarasa na kisimani. Bibi atakayekutwa analea aingizwe kwenye fungu la fedha kwa sababu analea, na kiasi kitajwe wazi kwenye bajeti, kama zinavyotajwa posho za vikao.